Siku Tuliyodhaniwa Washenga

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, katika chuo cha miaka miwili upande wa Dallas. Vyuo vya aina hiyo Wamarekani huviita vyuo vya jamii. Kijana anasoma pale kwa ada nafuu huku akilala kwao, kisha akijaliwa anahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Wengi hawakujaliwa. Walikuwa na akili na alama za kutosha, lakini kati ya chuo chetu na chuo kikuu palikuwa na pengo ambalo wengi walilifikia, wakalitazama, wakarudi kazini. Mpango wetu uliwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kilatino, watoto wa familia zilizotoka Meksiko, Honduras na El Salvador, ili wavuke.

Tulikuwa watatu. Mkuu wa mpango alikuwa mama wa makamo aliyezaliwa kule Texas inakopakana na Meksiko, mwenye sauti ya kuamrisha na mkoba usiokosa peremende. Mshauri wa wanafunzi alikuwa kijana wa Kihonduras, hajaoa, mtanashati. Wa tatu ni mimi, Mtanzania niliyewahi kufanya kazi ya redio Morogoro, sasa napokea simu, napanga miadi na kuandika taarifa. Kila asubuhi nilikuja kwa treni kutoka Richardson, nilikokaa. Kihispania changu kilikuwa cha salamu na vyakula tu. Yaliyobaki mkuu alinitafsiria, na naamini alikuwa akiongeza chumvi.

Mwaka 2018, baridi ilipoanza kuachia, mwanafunzi wetu mmoja alipata nafasi chuo kikuu huko Houston kusomea usimamizi wa hoteli. Alikuwa msichana wa Kimeksiko, mcheshi akiwa na wenzake, bubu akiwa mbele ya wakubwa. Tulishangilia mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja kuuliza kuna nini. Yeye hakushangilia. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Baba amesema tutaona," akasema.

Mkuu akaegemea kiti. "Hiyo ni hapana iliyovaa viatu vya kanisani."

"Hata kwetu," nikasema.

Nafasi ilitakiwa ithibitishwe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo angepewa mwingine. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, na tulishamwalika chuoni jioni ya wazazi kwa barua pepe, kwa ujumbe wa simu na kwa karatasi ya rangi. Hakuja. Mkuu akashika simu ampigie hapo hapo, msichana akamzuia. "Atakwambia tutaona."

Nikawaeleza jinsi mambo yanavyokwenda kwetu. Ukimtaka mtoto wa mtu, humtumii baba yake ujumbe ukamwambia aje kukusikiliza. Unakwenda wewe, pamoja na mtu mzima, na hamwendi mikono mitupu. Mkuu akacheka. "Hata kwetu ni hivyo hivyo. Ila nimekaa ofisini mpaka nimesahau."

Tukapanga Jumapili. Msichana akaagizwa awaambie nyumbani kwamba tunakuja. Baadaye ndipo tulipojua alichokisema hasa. Alikosa ujasiri wa kutaja chuo, maana chuo kilishamtia baba kisirani wiki nzima, kwa hiyo alimwambia mama yake tu kwamba kuna wageni watakuja kuzungumza na baba habari zake.

Nyumba yao ilikuwa kusini mwa Dallas, kwenye njia ya kwenda Cedar Hill, na mbele yake pikapu yenye ngazi juu. Mkuu alibeba boksi kubwa la mikate mitamu kutoka duka la mikate la Wameksiko. Mimi nilikuwa nimetoka kanisani, nimevaa kitenge na kilemba. Kijana wetu alitoka kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yake, na hakupata nafasi ya kupita kwake kubadili nguo. Alikuwa amevaa suti ya bluu na tai, nywele zimechanwa zikalala.

Mama wa nyumba alitufungulia akiwa amepaka rangi ya mdomo. Baba alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, amekaa wima, runinga imezimwa. Pembeni yake alikaa mama yake, bibi wa msichana, mdogo wa umbo, macho makali. Alimtazama kijana wetu kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kwenye nywele. Sebuleni kulinukia mahindi na nyama. Nikajisemea, hawa watu wana heshima sana kwa elimu.

Mkuu akafungua mazungumzo. "Mzee, tumekuja kwa heshima kuzungumza nawe habari za binti yako."

"Najua," baba akajibu. Kisha akamgeukia kijana. "Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mshauri wa wanafunzi, mzee."

"Ni kazi ya kudumu?"

"Mkataba ni wa mwaka mmoja. Ukiisha, wanaangalia."

"Wanaangalia nini?" bibi akadakia.

Kijana akarekebisha tai. Bibi akamuuliza kama amebatizwa. Akajibu kwamba amebatizwa, na leo hii ametoka ubatizoni. Jibu hilo lilimpendeza bibi kidogo, lakini akamwinamia mkwewe akanong'ona kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Mwembamba. Mama yake hamlishi."

Mkuu alidhani ni maongezi ya kuzoeana, akasonga mbele. "Tunachoomba, mzee, ni umruhusu aende Houston."

"Houston?" Mama akashika kifua. "Si anaishi hapa Dallas?"

"Nani?" mkuu akauliza.

"Huyu!"

Msichana alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe. "Mama! Huyo ni wa ofisini! Hawa ni watu wa chuo!"

Mkuu alinitafsiria kwa maneno machache, nami nikaanza kuitazama safu yetu kwa macho ya wenyeji: mama wawili watu wazima, mmoja amevaa kama anakwenda harusini, kijana wa suti katikati, na boksi la mikate mezani. Wa kwanza kucheka alikuwa bibi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. "Sasa tai ya nini?" akauliza. "Tai ya nini, mwanangu?" Kijana akaivua pale pale akaitia mfukoni. Tuliendelea kwenda majumbani kwa watu miaka miwili iliyofuata, na mkuu alikuwa akimkagua shingo kabla hatujatoka ofisini.

Baba naye alicheka, ila aliwahi kunyamaza. "Kwa hiyo ni hiyo habari ya hoteli. Mama yake anatandika vitanda hotelini tangu huyu hajazaliwa. Hakuhitaji kwenda Houston kujifunza."

Msichana, ambaye sikuwahi kumsikia akijibu mkubwa, akasema, "Nataka niwe yule anayempangia mama zamu."

"Basi uanze kwa kunipa Jumapili," mama yake akasema, tukacheka tena.

Baba hakuungana nasi. Aliweka mikono magotini. "Nisikilizeni. Angekuja mwanaume kuniomba, ningeuliza baba yake ni nani. Ningejua nyumba yao. Siku binti yangu akilia, ningejua mlango wa kugonga. Chuo kikuu kina mlango gani? Ninyi ni watu wazuri, lakini ninyi mko Dallas."

Mkuu akamweleza habari za walinzi, za zahanati na za washauri wa wanafunzi. Alitoa na vipeperushi. Baba alivipokea kwa mikono miwili, akavipanga vizuri mezani, akashukuru, akasema tutaona. Tulikula mikate yetu wenyewe, tukafungiwa chakula cha kwenda nacho, tukaondoka tumeshiba na tumeshindwa.

Jioni nilimpigia dada yangu. Anakaa Houston, mitaa ya Gulfton, kwenye majengo ya fleti yaliyojaa watu wa kila nchi, na anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mmekwenda kuposa bila kujua mnaposa! We mdogo wangu una vituko. Na wewe na kilemba juu!"

"Dada, acha. Mtoto wa watu atakosa nafasi."

"Sasa si mmemfanyia presentation baba wa watu? Baba wa watu hataki presentation. Wewe ulipokwenda kusoma Tabora, baba alifanyaje?"

Nikakumbuka. Baba yangu hakuuliza shule ina maabara ngapi. Alinipeleka mwenyewe mpaka kwa matroni, akanishika bega, akasema nimekuletea mwanangu. Matroni akajibu nimempokea. Baada ya hapo aliondoka hata mabweni hajayaona.

"Alinikabidhi," nikasema.

"Haya. Tafuta mtu wa kukabidhiwa."

Jumatatu nilimweleza mkuu. Hakuhitaji maelezo marefu. Alipiga simu Houston, akazunguka ofisi hadi ofisi mpaka akampata mama anayewapokea wanafunzi wanaohamia kutoka vyuo kama chetu. Nilimsikia akimwambia, "Maktaba usituonyeshe. Na usituletee wale vijana wanaotembeza watu huku wakirudi kinyumenyume. Tuonyeshe wewe." Kisha akampigia baba wa msichana. Hakumwomba ruhusa ya lolote. Alimwambia kuna mtu Houston anataka kumwona. Baba akauliza Jumamosi barabara ina foleni kiasi gani.

Walikwenda na pikapu yao, mama mbele na mumewe, bibi kiti cha nyuma na mto wake, msichana pembeni yake. Mkuu na mimi tuliwafuata kwa gari. Kijana tulimwacha Dallas kwa usalama wake.

Yule mama wa Houston alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, nywele zimeanza mvi, sketi ndefu. Alitungoja nje, juani. Alimsalimia bibi kwanza, kabla ya mtu yeyote, akamshika mkono mpaka ofisini. Pale mlangoni niliona mabega ya baba yakishuka kidogo.

Ndani viti havikutosha, kwa hiyo baba alibaki amesimama. Akavua kofia. Akamwita binti yake asimame karibu naye, na msichana akasimama, uso umewaka kwa aibu.

"Huyu ndiye," baba akasema. "Asubuhi anaamka kwa shida. Hesabu anaziweza. Akionewa hasemi, ananuna, na watu hudhani ana kiburi. Hana kiburi. Akinuna sana, unipigie."

"Baba, jamani!"

"Nyamaza, naongea na mama hapa."

Mkuu alikuwa akinitafsiria sikioni, na safari hii hakuongeza chumvi. Yule mama wa Houston alivua miwani. Nilitarajia atoe maneno ya ofisi, yale ya kukaribisha familia zote. Hakuyatoa. Alimtazama msichana, akamtazama baba, akasema, "Nimesikia. Atakuwa wangu. Akinuna nitamwuliza, asiponiambia nitakupigia."

Baba akaomba namba yake ya mkononi. Yule mama akaitaja, naye baba akaipiga pale pale, simu sikioni, huku akimwangalia usoni. Ikaita kama iko chini ya mafaili. Yule mama akafukua karatasi, akafungua droo, akainama chini ya meza, na ilikuwa bado inaita alipoipata kwenye mfuko wa koti lililotundikwa nyuma ya mlango.

"Iweke karibu," baba akasema.

"Nitaiweka karibu."

Baba akavaa kofia yake. Akauliza, "Tumlete siku gani?"

Mama wa msichana ndiye aliyeelewa kwanza. Alimshika binti yake kiwiko na hakukiachia. Mkuu alisahau kunitafsiria, lakini sikuhitaji.

Tulitoka, na msichana akakaa kwenye ngazi za jengo na simu yake. Jua lilikuwa kali hata kioo hakisomeki, bibi akasimama mbele yake akamtilia kivuli kwa shali. Alibonyeza kuthibitisha nafasi yake, akangoja, akatuonyesha. Mama yake akaanza mara moja kuuliza habari za mashuka: vitanda vya huko ni vya upana gani, na je, wanaruhusiwa kuja na mablanketi yao, maana ya dukani anayajua, hayana joto.

Baba alikuwa ametangulia kwenye pikapu. Alikaa nyuma ya usukani, injini hajaiwasha, mikono yote miwili imeshika usukani kama yuko barabarani. Msichana alikwenda akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akapanda kiti cha mbele cha mama yake. Mama yake alifika, akamwona pale, akafungua mlango wa nyuma akakaa na bibi.