Sinema Iliyomfumbisha Baba Mkwe Macho

Mkinicheka chekeni tu, nimeshachoka kujitetea, na kwetu Ruring'u hata mama wa mboga sasa ananiuliza TV inaendeleaje kabla hajaniuliza watu wa nyumbani.

Baba mkwe wangu, mzee Gichuhi, ni mkulima wa chai upande wa Othaya, na wiki hiyo alikuwa kwetu kwa sababu ametolewa mtoto wa jicho hapa Nyeri, na daktari alitaka awe karibu. Jumamosi mke wangu, Wanjiru, akaenda sokoni na binti yetu Kui, akaniambia nikae na babake, nisimchoshe. Mimi nauza dawa za mifugo, wiki nzima nimesimama nyuma ya kaunta, nilitaka kulala tu, lakini nikajiambia mzee ameishi na ukungu machoni miaka mingi, wacha leo nimwonyeshe kitu.

Sasa, niko na TV kubwa na kale kasanduku ka kuchezea sinema, na jamaa mmoja mjini alikuwa ameniwekea kwenye flashi sinema ya wafugaji wa milimani, faili kubwa ajabu, zile wanaita HDR. Alikuwa ameniuliza, "Lakini mashine yako inasoma HDR?" na mimi nikajibu inasoma kila kitu (sikujua HDR ni nini, nilijua tu ni kitu kizuri).

Nikafunga mapazia, mzee akavua miwani yake nyeusi ya hospitali, nikamwambia, "Baba, hapa utaona rangi kuliko hata ukiwa shambani."

Kweli akaona. Nyasi zambarau, ng'ombe zambarau, mbingu kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki, na watu wote nyuso za kijani kama wamefukuliwa jana. Nyasi hazikumshtua sana (nyumbani ako na miche ya ile chai ya zambarau), lakini nyuso zilimkalisha wima.

"Baba Kui, hawa watu wako na rangi gani?"

Hapo ndipo ningesema TV ina shida na leo singekuwa na hadithi. Lakini nilikuwa nimeshajisifu, na usingizi umenibana, kwa hivyo nikasema, "Rangi ya kawaida tu, baba. Ndivyo HDR ilivyo."

Neno kawaida ndilo alilolisikia. Akafunika jicho moja, akafunika la pili, akaangalia tena. Kisha akayafumba yote mawili, akavaa miwani, akasema kwa sauti ndogo, "Zima. Macho yangu imeharibika."

Nikaanza kueleza, ati ni faili, ati kasanduku hakaielewi, ati rangi ndizo zimechanganyika, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyodhani namfariji. "Wewe ni mtu mzuri, lakini usinidanganye," akasema. Nikamsihi aangalie tu kikombe chake cha chai, akakataa katakata kufumbua, asije akayamaliza kabisa. Akaanza kuomba kwa Kikuyu.

Wanjiru alirudi akamkuta babake anapapasa ukuta akitafuta mlango. Hata hakunisikiliza. Akawapigia ndugu zake. Mmoja akatoka Karatina mbio akiwa bado na gamboti za shamba, mwingine akaandika kwenye WhatsApp ya kanisa ati mzee amepofuka, tuombe. Tulipofika hospitali nyuma yetu kulikuwa na gari la pili limejaa akina mama, na wawili walikuwa tayari wanalia.

Daktari alikuwa mama mpole. Akamfumbua mzee macho polepole mbele yetu sote, maana hakuna aliyekubali kutoka nje.

"Baba, kalamu hii ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na leso ya huyu mama?"

"Manjano. Iko na maua ya bluu."

"Na uso wa mkwe wako?"

Mzee akaniangalia kwa muda mrefu. "Nyeusi," akasema. "Na iko na jasho."

Daktari akauliza basi kulitokea nini, watu wote wakanigeukia, na nikasimama pale nikieleza habari za faili na kasanduku kwa umati uliokuja kulia. Mama mmoja akauliza, "Kwa hivyo tulikuwa tunaombea televisheni?" Shemeji wa gamboti akatoka nje kucheka, na tulimsikia hadi ndani.

Mzee hakucheka. Tulipokuwa kwenye gari akaniambia, "Sikasiriki juu ya TV. Mimi macho yangu ilikuwa mpya, sikuwa nimeizoea, ndio nikauliza macho yako."

Nimeapa, nikiulizwa kitu nisichokijua nitasema sijui, hata mbele ya wakwe. Ile sinema niliifuta bila kujua iliishaje, na Jumamosi siku hizi nalala tu.