Mwaka Niliosema Sijaamua

Mzee wangu alikuwa mtu wa chama kabla hajawa mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta na kofia ya chama na pengo la jino, jino alilong'olewa kwa jiwe katika mkutano wa kampeni akiwa kijana. Kila uchaguzi alikuwa wakala wa chama chake kituoni, anakaa mle ndani mpaka kura ya mwisho ihesabiwe. Miaka yote hiyo aliwaomba wakubwa wake kitu kimoja tu: kisima upande wetu wa mlima, maana akina mama tulikuwa tunashuka na punda hadi mtoni kufukua mchanga tupate maji. Walimjibu kwa upole kila mara.

"Mzee, wewe ni wetu. Subiri kidogo."

Mimi hushona sare za shule sokoni Masii. Wakati huo nilikuwa pia mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosuka viondo, na wengi wao walikuwa na mazoea ya kusikiliza ninachosema. Jumapili moja baada ya ibada, mmoja akaniuliza, "Mwenyekiti, safari hii tunaenda na nani?"

"Mimi sijaamua," nikasema. "Nitawasikiliza wote kwanza."

Sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa nimechoka tu, na ndilo lililokuwa moyoni. Lakini wadi yetu imegawanyika. Sisi wa mlimani tulihesabiwa kuwa wa chama cha mzee wangu, wa ng'ambo ya bonde walikuwa wa chama kile kingine, na uchaguzi uliopita vyama hivyo vilikuwa vimepishana kwa kura chache sana. Neno langu lilifika mbali kabla sijavua nguo za kanisa.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja kutoka chama cha mzee wangu, viatu vyake havijawahi kukanyaga vumbi la kwetu. Akasema anataka kushonewa gauni. Nilipokuwa nampima mabega akaniuliza akina mama wa mlimani wanataka nini.

"Maji," nikasema.

"Hayo tu?" Akacheka. Gauni hakurudi kulijaribu, lakini haukupita muda mashine ya kuchimba kisima ikapanda mlima ikinguruma, watoto wakiifuata mbio. Mzee wangu alikuwa kando ya barabara. Nilidhani angefurahi. Jioni alisukuma sahani ya muthokoi bila kuigusa.

"Nimeomba mpaka nikaota mvi," akasema. "Wewe umesema hujui, wakaleta."

Nikaifunika ile sahani.

Kisha akaja mtu wa upande ule mwingine. Alikuwa mpole, sauti ya chini, suti ya kijivu. Alikaa kwenye stuli ya wateja na kuniita mwaitu, kama ambavyo Mkamba humwita mama anayemheshimu.

"Mwaitu, watu wetu tunawajua. Watu wao tunawajua. Hao hatuchomi mafuta ya gari kuwafuata, watapiga walivyopiga siku zote. Ni nyinyi wa katikati mnaotunyima usingizi."

"Mimi ni fundi wa nguo tu," nikamwambia.

"Najua." Akashika kola ya shati nililokuwa nashona, akaigeuzageuza. "Lakini mtu wa katikati ana pande mbili za kupigwa. Ukichagua mapema, angalau unabaki na moja."

Akaniaga kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

Tangu siku hiyo vijana wa pikipiki wakaanza kuegesha mbele ya kibanda changu. Hawakunitukana wala kuniomba chochote. Walikaa tu wakinitazama nikikanyaga cherehani, na jua likizama waliwasha pikipiki zao wote pamoja wakaondoka. Wateja wakapungua. Mama aliyekuwa akiniletea sare za wanawe kila muhula alipita upande wa pili wa barabara akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Asubuhi moja nikakuta mlango wangu wa mabati umepakwa rangi ya chama kile kingine, kuanzia juu mpaka chini. Rangi ilikuwa bado inanata. Nilisimama na ufunguo mkononi, soko zima likinitazama, na nikaelewa kwamba mtu amenijibia swali ambalo mimi sijalijibu.

Habari ilimfikia mzee wangu kabla sijafika nyumbani. Aliitwa ofisini kwa chama chake, akarudi mapema.

"Wamenitoa kwa uwakala," akasema. "Wanasema kama mtu hawezi kumleta mke wake mwenyewe, analinda kura za nani?"

"Na mimi wamesema nini?"

"Wewe?" Akakaa kitako kwenye jiwe la mlangoni. "Wewe wamesema nikubembeleze."

Nilipanda kwenye kisima. Mashine ilikuwa imezimwa, wafanyakazi wamelala chini ya turubai. Mkubwa wao alinieleza bila kunificha: maji wameyakuta, lakini wameamriwa wasiweke bomba wala pampu mpaka kura zipigwe. Shimo walikuwa wamelifunika kwa bati na mawe. Nikainama, nikasikia ubaridi ukipanda kutoka chini.

Akina mama wa kikundi walikuwa wananingoja nyumbani. Hata chai hawakutaka.

"Sema tu neno," akaniambia rafiki yangu wa tangu ujana, tuliyeshuka naye mtoni maisha yetu yote. "Sema uko nao, hata kama ni uongo. Maji yako mkononi mwako, na wewe unaringa nayo."

"Nikisema, wale wengine watanifanya nini?"

"Na usiposema, sisi tutakufanya nini?"

Alisema hivyo taratibu. Hakuna aliyemkemea. Niliwatazama mmoja mmoja, wanawake niliowashikia watoto wao wakibatizwa, nikaona ya kwamba wale vijana wa pikipiki walikuwa afadhali. Nikawaambia kila mtu apige kura anavyoona mwenyewe. Wakatoka bila kuaga.

Siku ya kura tulipanga foleni mimi na mzee wangu, yeye kwa mara ya kwanza akiwa mtu wa nje. Mawakala wa pande zote mbili walinifuata kwa macho mpaka nilipofika kwenye sanduku. Nilipiga, na niliyempigia sijamwambia mtu hadi leo. Mzee wangu alikaa ndani ya kile kijibanda cha kura muda mrefu mno kwa mtu ambaye hajawahi kusita. Alipotoka, nikamwangalia.

"Usiniulize," akasema.

Chama chake kilishindwa kituoni kwetu kwa kura za kuhesabika. Matokeo yalipotangazwa, mashine ikashuka mlima. Walioshinda hawakuja kuweka pampu. Kisima hawakukichimba wao, walisema. Kikundi kilichagua mwenyekiti mwingine, na rafiki yangu humsalimia punda wangu kabla hajanisalimu mimi.

Mzee wangu aliacha kuvaa ile kofia. Watu walipomuuliza kuhusu uchaguzi ujao alisema tu, "Nitaona."

Mwezi uliopita, mchana, gari lilisimama kwetu. Wakashuka watu watatu ambao sikuwajua, wakanisalimu haraka, wakamuulizia yeye. Nikatoa viti. Walimsifia ng'ombe, wakasifia maembe, wakacheka kila alichosema. Mzee wangu alikuwa amenyooka kitini kama kijana, akingoja wamuulize kuhusu kura yake. Hakuna mkubwa aliyewahi kumfuata nyumbani kwake.

Kisha mmoja wao akasimama, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akatazama bondeni.

"Mzee," akauliza, "shamba lako linaanzia wapi, na linaishia wapi?"

Naye akainuka, akaenda kuwaonyesha mipaka.