Fungu la Koko

Miaka ile ya mamluki nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja ya Mutsamudu, visiwani Komoro, jino likinitesa, alipoingia ofisa kutoka Moroni na karatasi mkononi. Nyuma yake alisimama askari wa kizungu na bunduki, maana siku hizo wakubwa hawakutembea bila mzungu. Ofisa akatusomea kwamba fedha za afya kwa kila kichwa zinapanda mwaka hadi mwaka.

Mbele yangu alikaa bibi, koko kwa Kinzwani cha kisiwa kile, aliyejitanda shiromani nyekundu. Kinzwani changu ni cha kuokoteza, lakini maneno yake niliyapata yote. Aligusa kichwa chake.

"Mwanangu, hata hiki?"

"Hata hicho, Koko. Kila kichwa kina fungu lake."

"Basi mimi siumwi, nimemsindikiza jirani tu." Akamshika bega mjamzito aliyekuwa akitetemeka kwa homa. "Langu mpeni huyu. Na la mwaka jana pia, sikulichukua."

Ofisa akaitazama karatasi yake.

"Huo ni wastani tu, Koko. Fungu lenyewe halipo kabatini."

Bibi akamtazama askari, kuanzia viatu hadi bunduki. "Na la kichwa cha huyu, nalo halipo kabatini?"

Ofisa akaikunja karatasi yake. Foleni nzima ikampisha yule mjamzito, nami na jino langu tukampisha. Tangu siku ile nimesoma ripoti nyingi za afya, lakini fungu nililoliona kwa macho yangu likimfikia mgonjwa ni lile moja tu, la Koko.