Marijani Shingoni mwa Mtoto

Ghita, mfua sufu wa mji wa Prato, alikuwa amezika watoto wawili kabla ya kumzaa Meo. Ndiyo maana Meo hakuvuliwa kitawi chake cha marijani nyekundu shingoni hata wakati wa kuoga. Mjini kote watoto wachanga walivishwa hivyo, husuda na degedege visiwaguse. Mchoraji Lapo alipomwomba mtoto awe mfano wa Yesu katika picha ya Mama Maria ya kanisa la watawa, Ghita alikubali kwa sharti moja: atampakata yeye mwenyewe.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka asubuhi Lapo alipoleta chiriku aliyefungwa uzi mguuni, akamtia Meo mkononi.

"Mtoe huyo ndege, Fundi."

"Ametulia tu, Mama Meo. Kuliko mume wako."

"Mume wangu hana doa la damu usoni."

Prato nzima ililijua doa lile. Chiriku alichomoa mwiba kwenye paji la Bwana njiani kwenda msalabani, tone likamrukia. Mtoto anayechorwa akiwa na chiriku mkononi ameshikishwa kifo chake.

"Anayechorwa si Meo," Lapo alisema. "Ni Bwana."

"Sura ni ya Meo. Kifo kitajuaje?"

Lapo aliweka brashi chini. Bila chiriku, alisema, watawa hawataipokea picha.

"Basi mvalishe na marijani yake."

"Mwana wa Mungu avae kinga ya degedege?"

"Si ana mama? Atavaa."

Picha ilipowekwa juu ya altare, Ghita alikwenda na Meo mgongoni kukagua jambo moja tu. Marijani ilikuwapo. Lakini Lapo alikuwa ameichora ikitawanyika kifuani mwa mtoto kama mishipa, wekundu wake ule ule wa doa la chiriku. Kidole cha Maria kilikuwa bado kwenye uzi wa marijani, kana kwamba ametoka kuufunga sasa hivi. Macho yake yalikuwa kwa ndege.

Maria alijua. Alijua, na bado alimvalisha.

Dhahabu na buluu vilimeremeta juu ya Ghita, na maombi yote aliyomwandalia Meo yakamtoka kichwani. Watu walimpita kwenda nje. Alipiga magoti, akainua uso.

"Pole, mwenzangu," alisema.