Ukurasa wa Mikono

Somoe Mwishehe hakuwa mtu wa kubembeleza wala wa kubembelezwa. Mwaka tisini na saba alikuwa mwalimu wa kompyuta pale Tandika, chumba kimoja, mashine tatu kuukuu, wanafunzi kumi na mmoja, na mdomo ambao hata fundi umeme aliuogopa. Zamani alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma, mpaka shirika likauzwa na wapiga chapa wote wakaambiwa nendeni salama. Wenzake walilia. Yeye alitukana mpaka akamaliza, kisha akaomba kompyuta tatu zilizokuwa zinakwenda jalalani, akazipakia kwenye mkokoteni akaenda nazo nyumbani.

Kuzitumia alijifunza mwenyewe. Vitabu vilivyokuwepo vilikuwa vya Kizungu na viliandikwa na watu ambao, kwa maneno yake, hawajawahi kumfundisha hata paka. Ndiyo maana mwaka tisini na nne walikaa walimu wanne wakaamua kuandika masomo yao kwa Kiswahili, ya kumfundisha mtu kuandika programu tangu hajui kitu: Somoe wa Tandika, Suleiman wa Mbagala, Apolinari wa Magomeni, na Gaudens wa Manzese. Huyo Gaudens mkae naye macho.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa mkali. Somo halikukubaliwa mpaka mtu asiyejua lolote aketishwe mbele ya mashine alifanye peke yake, walimu wamesimama nyuma yake kimya. Ukifungua mdomo kumsaidia, somo limeanguka, nenda ukaliandike upya. Somoe alikuwa akiuma kanga yake ili asiseme.

Kitabu kizima walikipiga chapa upya kila Januari. Makosa yaliyoonekana katikati ya mwaka waliyaandika kwenye karatasi ya mwisho, waliyoiita ukurasa wa mikono, kwa sababu kila mmoja aliandika kwa mkono wake: kosa ni lipi, la nani, nani aligundua, na linarekebishwaje. Kwa hiyo mwanafunzi akipewa kitabu alianzia nyuma. Juu ya jalada iliandikwa: ANZA NYUMA. Anachukua kalamu, anayahamishia marekebisho yote ndani ya masomo yake, ndipo anaanza somo la kwanza. Kunakili ruksa, kufundishia ruksa, kurekebisha ruksa. Lakini jina lililokwisha kuandikwa kwenye ukurasa wa mikono halifutwi, hata kitabu kikipigwa chapa upya, liwe la sifa au la aibu.

Sheria hiyo ya kutofuta aliitunga Gaudens mwenyewe, akaipigia meza. "Sie tukianza kufutana," alisema, "tumekwisha."

Maneno matamu hayo. Mwaka tisini na sita Gaudens akapata mfadhili, akafungua chuo Manzese, ghorofa ya pili, mashine kumi, bango refu. Vikao vya walimu vya kila Jumamosi akaviacha. Juni mwaka uliofuata alimpitia Apolinari, mpole yule, akamwomba nakala ya kitabu. Apolinari akampa kwa mikono miwili, maana ndiyo kanuni. Oktoba, Somoe akaletewa barua.

Barua yenyewe ilikuwa na muhuri. Ilisema kwamba masomo ya kompyuta kwa Kiswahili ni mali ya Gaudens na chuo chake, kwamba ameyapeleka ofisi ya mafunzo ili yatambuliwe kwa jina lake, na kwamba yeyote anayeyafundishia bila kibali aache mara moja. Pamoja nayo kulikuwa na kitabu. Jalada gumu la bluu. Jina moja tu.

Somoe alikifungua kuanzia nyuma, kama alivyozoea. Ukurasa wa mikono haukuwemo.

"Ala!" alisema. "Huyu mtu ametukata mikono!"

Apolinari alikuja mbio kutoka Magomeni kumtuliza. Akasema labda wazungumze kikubwa, labda Gaudens amepitiwa.

"Amepitiwa na nini, na treni?" Somoe alimfokea. "Miaka mitatu nakesha na masomo haya! Wakisema ni yake, mie kesho nafunga mlango, na wale kumi na mmoja nawaambia nini? Ahsante ya punda mateke, Apolinari. Sizungumzi kikubwa wala kidogo. Nakwenda ofisini."

Akaenda. Ofisini alimkuta mama mmoja wa makamo, Mama Felicitas, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bukoba kabla hajawa afisa. Somoe alimpa shikamoo, kisha akamwaga yote bila kupumua. Mama Felicitas alisikiliza, akavua miwani.

"Mie kompyuta sijaigusa hata siku moja," alisema. "Nitajuaje nani mkweli?"

"Ndiyo vizuri, mama," Somoe alijibu. "Tunakutaka hivyohivyo."

Jumatano Mama Felicitas akawakutanisha chuoni Manzese. Gaudens alikuwa amevaa tai. Wanafunzi wake wote walikuwa wameketi, akitaka waone anavyotambuliwa. "Karibu, Dada Somoe," alisema, anatabasamu. "Mambo haya yalikuwa ya kumalizana wenyewe tu."

"Dada yako yuko kwenu," Somoe alisema. "Mama atafanya somo la saba. Kwanza kwa kitabu chako, halafu kwa chetu. Na sie tunanyamaza. Unakumbuka kunyamaza?"

Gaudens alikubali, maana mbele ya darasa lake angekataaje? Somo la saba lilikuwa la mzunguko, yaani kuiambia mashine irudie jambo mpaka litimie. Mfano wake aliubuni Somoe: pipa la maji la ndoo kumi. Mashine inaongeza ndoo moja, inaangalia kama pipa limejaa, kama bado inasema "pipa bado", inaongeza nyingine. Mara ya kumi inasema "pipa limejaa" na kusimama.

Mama Felicitas aliandika mstari mmoja mmoja kwa kidole kimoja, anafuata kitabu cha bluu. Akamaliza, akabonyeza.

Pipa bado. Pipa bado. Pipa bado. Maneno yakajaa kioo, yakapanda juu, yakaendelea kuja.

"Mbona halijai?" aliuliza.

"Mashine hii ina matatizo kidogo," Gaudens alianza.

"Nyamaza!" Somoe alimkatiza. "Somo halijakwisha."

Mama Felicitas alisubiri. Pipa bado, pipa bado. Mwisho ikabidi mashine izimwe.

Kisha akapewa kitabu cha Tandika, cha fotokopi, kimeshonwa kwa uzi. Akalisoma jalada, akageuza, akaanzia nyuma. Vidole vya Somoe viliubana ukingo wa kanga. Mama Felicitas akasoma kwa sauti: "Rekebisho la kumi na nne. Somo la saba. Mstari wa kuongeza ndoo umewekwa nje ya mzunguko, kwa hiyo hakuna ndoo inayoongezwa. Uwekwe ndani. Kosa la Somoe. Aliyegundua: Mwanakombo, mwanafunzi, Mbagala. Machi, tisini na saba."

Naam, kosa lilikuwa la Somoe mwenyewe. Alilipiga chapa Januari kwa haraka zake, na binti wa shule ndiye aliyemuumbua. Aliposomewa mbele ya watu, masikio yalimwaka moto. Hata hivyo hakuinamisha kichwa.

Mama Felicitas akalisahihisha somo kwa kalamu, akaandika upya, akabonyeza. Pipa bado, mara tisa. Kisha: pipa limejaa. Mashine ikatulia. Mama wa watu akapiga makofi kama mtoto.

"Bwana Gaudens," alisema, "karatasi ya mwisho ya kitabu chako iko wapi?"

"Niliitoa, mama. Ilikuwa inachafua kitabu."

"Ilikuwa na majina, siyo?"

Gaudens alikuwa hajawahi kulijaribu somo hilo hata mara moja. Alikimbilia kuyachana majina, akachana na marekebisho.

Basi mambo yangeishia hapo na mtu angecheka. Lakini nyuma ya darasa binti mmoja alisimama, mwembamba, jina lake Loveness.

"Kwa hiyo sikuwa mjinga?" aliuliza.

Hakuna aliyemwelewa.

"Mwalimu aliniambia kichwa changu hakifai. Mwezi mzima narudia somo la saba. Pipa langu halijai. Nilikuwa niache Ijumaa hii. Wenzangu watatu wameshaacha."

Somoe alimsogelea. Barua, muhuri, jalada la bluu, yote hayo angeweza kuyameza siku moja. Hili la binti hakulimeza mpaka anakufa.

"Hukuwa mjinga, mwanangu," alisema. "Umefundishwa na mwizi mvivu. Mwizi peke yake ana nafuu."

Ofisi ilikataa kumtambua Gaudens. Ikaandika kwamba masomo ni ya wote, na jina la mtu mmoja lisiwekwe. Jumamosi Somoe alifika kikaoni kwa Apolinari akiwa na wino mweusi. Gaudens alikuwa na marekebisho matatu ya zamani kwenye ukurasa wa mikono, mazuri kweli, na Somoe alitaka kulifuta jina lake.

"Ukilifuta," Apolinari alisema, kwa mara ya kwanza bila upole, "umefanya alichofanya."

Somoe aliufunga wino kwa chuki. Kisha akachukua kalamu ya kawaida, akaandika.

Miezi miwili baadaye Gaudens alikwenda mwenyewe hadi Tandika. Chuo kilikuwa kimepungukiwa wanafunzi. Kitabu cha walimu kilishanakiliwa mpaka Goba, nje ya mji, na kila aliyekipata alianzia nyuma. Hakuvaa tai.

"Mwalimu Somoe, nimekosa," alisema. "Nifutie ule mstari tu. Watoto wangu watausoma."

Mstari wenyewe ulikuwa huu: Rekebisho la ishirini na tatu. Ukurasa huu ukichanwa, pipa halijai, na mwanafunzi huitwa mjinga. Usichanwe. Kosa la Gaudens. Aliyegundua: Loveness, mwanafunzi, Manzese.

Somoe alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi. Hakumpa kiti.

"Kunakili ruksa," alisema. "Kufundishia ruksa. Kurekebisha ruksa. Kufuta jina, marufuku. Sheria hiyo uliitunga wewe, ukaipigia na meza."

Akamgeukia mwanafunzi wake mpya aliyeketi kwenye mashine ya tatu, binti mwembamba wa kutoka Manzese, na kumwambia aendelee na somo la nane.