Usiku wa Ijumaa, Hata Mkinichinja

Ndolo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: alikijua Kiswahili. Sisemi kukizungumza, maana hata kasuku huzungumza. Ndolo alikijua kwa kiburi. Baba yake alikuwa Mkamba aliyepewa shamba na serikali huko Shimba Hills, na mtoto akasomeshwa Kiswahili na mwalimu mwenye kiboko. Alipopata alama ya juu kuliko shule nzima, basi, hakupona tena. Mhudumu wa hoteli akimwambia kuna "kitu mingi" za kula, Ndolo humsahihisha kwanza, chakula kipoe tu. Mkewe, Mutheu, ndiye aliyeanza kumwita Kamusi kwa kumchoka, na jina likamfuata mpaka kazini.

Kazi yake ilikuwa ukalimani wa mahakama. Mahakama ipi, usiniulize, nina wajukuu wa kulea. Shahidi husema Kiswahili, Ndolo hugeuza kuwa Kiingereza, na Kiingereza hicho ndicho kinachoandikwa. Ulichosema wewe huenda na upepo, alichosema Ndolo hubaki kwenye faili. Miaka kumi na saba aliifanya kazi hiyo, na hakuna siku aliyowahi kurudi nyumbani akijiuliza kama alimfikisha mtu alikotaka kufika.

Ndipo ikaja kesi ya Thoya Mwinga. Thoya ni yule mwimbaji, na usijifanye humjui, kwa sababu hakuna harusi kutoka Likoni hadi Lunga Lunga isiyochezwa nyimbo zake. Alishtakiwa kumuua Syovata, msichana aliyekuwa akicheza kwenye bendi yake, binti wa hukohuko mashambani kwa kina Ndolo. Syovata alikutwa Jumamosi asubuhi katika nyumba ya kupanga Diani, amenyongwa. Daktari alisema msichana alikufa Alhamisi usiku au Ijumaa usiku, lakini hawezi kuapa ni upi. Ijumaa usiku Thoya alikuwa jukwaani Malindi, mbele ya umati wa watu. Alhamisi usiku hakuna aliyejua alikuwa wapi, isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Mwanapili binti Mbwana, mjane wa kijiji cha Bodo, aliyekuwa akifua nguo katika nyumba za wageni huko Diani. Aliapa kwa Msahafu. Akaeleza kwamba alikuwa anatoka kusoma Yasini kwa jirani, akamwona Thoya akitoka kwenye lango la nyumba ile, shati mkononi, akamsalimia na asiitikiwe. Akaulizwa ni lini. Akasema usiku wa Ijumaa. Ndolo akageuza: Ijumaa usiku. Wakili wa Thoya akainuka taratibu, furaha imemjaa, akamuuliza mama kama ana hakika na siku hiyo.

"Usiku wa Ijumaa," alisema Mwanapili, "hata mkinichinja."

Ndolo akaligeuza na hilo, na kuchinjwa kwake, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi.

Jumanne ya hukumu, jaji alisema kwamba shahidi pekee wa macho ama amedanganya ama ameota, kwani binadamu hawezi kuwa Malindi na Diani kwa wakati mmoja. Thoya akaachiliwa. Ukunda nzima ikawa honi za bodaboda, mashabiki wamembeba mabegani, na kando ya barabara kina mama wa mashambani wameketi chini, leso vichwani, wanalia. Walewale waliotaka Thoya afungwe walimlaani Mwanapili kwa kuiharibu kesi. Waliotaka aachiwe walimlaani kwa kumzulia kijana wa watu. Watu hawakukubaliana juu ya jambo lolote lile siku hiyo, ila hilo.

Na mitandao nayo, Mungu atusitiri. Kufika Jumatano sauti ya yule mama ilikuwa imeshatiwa mdundo, inachezwa kila kona. Mtu akiongopa sokoni, mmoja humwambia "Usiku wa Ijumaa!" na wenzake huitikia "Hata mkinichinja!" wakicheka mpaka machozi. Uongo ukapewa jina, na jina lenyewe ni kiapo cha mtu mzima. Mwanapili aliambiwa asirudi tena kufua, kwa vile wageni wanaulizauliza, akarudi Bodo na beseni lake.

Sasa, wazee wa Bodo walisema. Walisema tangu siku ya kwanza kwamba mama yule hakukosea. Lakini maneno ya wazee wa Bodo hayana muhuri. Hata pale mahakamani yuko mtu aliyesema, Nassir, karani wa masjala, mtu wa Msambweni aliyebakisha miezi michache astaafu. Siku ileile ya hukumu, kwenye chai, alimwambia Ndolo kwa upole kwamba kwao usiku hutangulia mchana. Jua likishatua Alhamisi, Ijumaa imeingia. Usiku wa Ijumaa ndio huo wanaouita wengine Alhamisi usiku, na ndio usiku wa kusoma Yasini.

Unadhani Kamusi alifanyaje? Alicheka. Mbele ya makarani na mawakili wawili, alisema hayo ni mazungumzo ya kina bibi, na kwamba siku huanza saa sita ya usiku dunia nzima, mpaka Bodo. Watu wakacheka pamoja naye. Nassir akamaliza chai yake, akafuta mdomo, kisha akamkaribisha nyumbani. Binti yake Hasina anaolewa, alisema, na kutakuwa na maulidi. Usiku wa Ijumaa hii, baada ya Isha, tafadhali asikose.

Ndolo hakukosa. Ijumaa alifika Msambweni amevaa shati jipya, na zawadi ya vikombe imefungwa kwa karatasi ya maua. Alikuta majamvi yamekunjwa na sufuria kubwa za pilau zimeegemezwa ukutani, zimekwisha kuoshwa na kukauka. Nassir alikuja mlangoni, na wala hakucheka.

"Tulikungoja jana, Bwana Ndolo," alisema. "Sahani yako tuliiweka mpaka wali ukapoa."

Alimkaribisha ndani, akamwekea kahawa na haluwa iliyobaki, akazungumza naye habari za mvua. Juu ya kesi hakusema neno. Alikuwa amemwonyesha mlango, na kupita ni juu yake mwenyewe. Nassir akisema, ni maneno ya kwenye chai. Mkalimani akisema, ni jambo la faili. Ndolo alikunywa ile kahawa uso ukimwaka.

Aibu ilimshika hapo na haikumwachia. Haikuwa aibu ya kukosea tu, kwani nani hakosei? Ilikuwa aibu ya kile kicheko chake. Aliambiwa, naye akacheka.

Na muda ulikuwapo. Upande wa mashtaka ulikuwa umetangaza kwamba ukipata sababu utakata rufaa, na sheria inatoa siku kumi na nne. Zilikuwa zimekwenda tatu. Barua moja tu, yenye jina lake na kosa lake, huenda ingeiinua kesi tena, na kwa hakika ingelisafisha jina la mama yule. Ndolo aliiandika Jumamosi, akaichana. Akaiandika tena Jumatatu, akaifungia kwenye droo. Mara ya tatu alikaa muda mrefu akitafuta kama neno sahihi ni "kosa" au "hitilafu." Mjinga yule, mwenzake anaungua, yeye anachagua nomino!

Alichokiogopa kilikuwa wazi. Angefukuzwa kazi, ndiyo, lakini kazi si kitu. Aliogopa kuitwa Kamusi baada ya hapo. Aliwasikia tayari wale mawakili wawili.

Jumapili moja katikati ya siku hizo, kanisani kwao mashambani, alisimama Kavenya, mama yake Syovata. Ni mama mnyamavu, Kiswahili chake ni cha sokoni tu, kwa hiyo aliomba kwa Kikamba. Alimwomba Mungu amhukumu yule mwanamke wa Bodo aliyeuza damu ya mwanawe kwa uongo. Amfunge kinywa, alisema, kama yule mwanamke alivyokifunga cha Syovata. Kanisa zima likaitikia amina. Na Ndolo, aliyeketi safu ya tatu karibu na Mutheu, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema amina pamoja na wengine. Hakuikusudia. Ilitoka kwa mazoea, na ikishatoka hairudi. Alirudi nyumbani kwa miguu bila kumsemesha mke wake, na Mutheu alipomtania kwa ule msemo wa mitandaoni, aliingia ndani akafunga mlango.

Siku ya kumi na tano tangu hukumu, Jumatano, ikatangazwa kwamba hakuna rufaa. Ndolo aliisikia habari hiyo kwenye redio ya kinyozi, kidevu kimepakwa sabuni, na aliona nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyommaliza. Mtu anayeona nafuu kwa jambo kama lile hana pa kujificha, hata ndani ya nafsi yake. Jumamosi alichukua bodaboda akaenda Bodo.

Alimkuta Mwanapili barazani kwake akishona makuti, kanga imefungwa kiunoni. Ndolo alivua kofia, akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akamsogezea kigoda, na alipomtazama vizuri uso ukamfunguka.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukinisemea," alisema. "Nilitaka sana kukushukuru, mwanangu. Mimi nimefua kwa Wazungu miaka mingi, na Fraidei naijua kuwa ni Ijumaa. Nilipokusikia umesema Fraidei, nikajua maneno yangu yamefika salama. Nikakuombea dua palepale kizimbani."

Ndolo alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Bodo haikupasuka. Basi akamweleza, akiwa ameinamisha kichwa, kila kitu: neno, Malindi, jaji, chai na kicheko, maulidi ya Hasina. Kwa mara ya kwanza maishani hakuchagua maneno. Mwanapili aliacha kushona. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kwamba alilijua lini kosa hilo.

"Ijumaa ya wiki ileile ya hukumu, mama."

"Ijumaa ipi? Yangu au yenu?"

"Yetu."

Mama akahesabu kwenye pingili za vidole, polepole, kama anayevuta uradi. Alipofika mwisho alirudia ili apate hakika.

"Kumi na tano," alisema. "Neno kukuponyoka, hilo ni jambo la binadamu, na mimi nimekusamehe. Lakini hizi kumi na tano ulinisikia nikiitwa mwongo kila siku, ukanyamaza."

Ndolo alilia. Mama hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alichukua tena makuti yake, akashona kuti zima, ndipo akasema kwamba hapo kwake kuna Yasini kila wiki. Aje aseme mbele ya watu, na amlete mama wa marehemu.

"Usiku wa Ijumaa," alisema. "Ukikosea siku mara hii, nitajua umekusudia."

Jumatatu Ndolo alipeleka barua kwa msajili wa mahakama. Msajili aliisoma mara mbili, akavua miwani, akamwambia aende nyumbani angoje kuitwa. Kwenye masjala Nassir alisimama alipompita, akampa mkono. Wale mawakili wawili walikuwapo pia, na usiniulize walisema nini.

Alhamisi, jua halijatua, Ndolo alikuwa Bodo tayari. Kavenya alikuwa naye. Ndolo alikuwa amemwambia tu kwamba kuna neno la kusikia juu ya Syovata. Mengine yote alishindwa kumwambia, njia nzima. Kina mama walikuwa bado wanatandika mikeka. Yasini ilisomwa, dua ikaombwa, kisha Mwanapili akasema kuna mgeni ana maneno. Ndolo akasimama. Ufasaha wote ulikuwa umemkimbia. Alisema kwamba mama huyu alisema kweli, na kwamba yeye ndiye aliyeipotosha, na kwamba alipojua alikaa kimya mpaka siku za rufaa zikaisha. Aliketi chini bila kutazama mtu.

Kavenya alikuwa akigeuza uso huku na huku, akiwatazama kina mama ambao sasa walikuwa wakimtazama yeye kwa huruma. Alikuwa amesikia jina la mwanawe, na neno rufaa, basi. Akauliza kwa sauti ndogo kimesemwa nini.

"Mfasirie," Mwanapili alimwambia Ndolo. "Yote, kama ulivyosema."

Ndolo akamgeukia mama wa kwao, aliyemwitikia amina Jumapili ile, akaanza kwa Kikamba, neno kwa neno. Alipofika kwenye zile siku kumi na tano, Kavenya aliinua mkono kumzuia, kama mtu asiyetaka kusikia zaidi. Ndolo akangoja mkono ule ushuke, kisha akaendelea, akayafasiri yote mpaka neno la mwisho.