Shangazi Alivyokiomba Chuo Kipunguze Alama

Wadau, msinicheke. Au chekeni tu, maana safu nzima ya maduka ya zipu na vifungo hapa Kariakoo ilishanicheka.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Nimetoka kufungua duka, nafagia, simu ikalia. Barua pepe kutoka chuo kimoja Marekani, chuo nilichokuwa nakiota tangu namaliza digrii.

Nikaifungua, ufagio bado mkononi.

"Ndugu Candida, asante kwa barua yako. Tumeisoma ofisi nzima."

Mimi siitwi Candida. Naitwa Elieshi. Candida ni shangazi yangu, mwenye duka, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nilitaka kusoma masters ya takwimu. Chuo kinataka GRE, ule mtihani wa kwenye kompyuta wenye hesabu na maneno ya Kiingereza ambayo nadhani hata Waingereza wenyewe hawayatumii. Nilisoma miezi minne hapo hapo kaunta, mkono mmoja napimia watu lastiki, mwingine nimeshika kitabu.

Nikafanya. Nikapata 304.

Kwenye tovuti ya chuo, pembeni ya neno GRE, paliandikwa 310.

Alama sita tu, jamani. Nililia mpaka mteja mmoja akanunua uzi asiouhitaji, kwa huruma.

Maombi yalikuwa yanafungwa mwisho wa Novemba. Nafasi ya kurudia mtihani niliyoipata ilikuwa Januari. Kwa hiyo nikirudia, mwaka mzima umeenda na maji. Nisiporudia, kwa akili yangu ya wakati ule, napeleka 304 mahali wanapotaka 310, wazungu wanicheke.

Nikaamua narudia. Nikamwambia shangazi.

Niseme ukweli, nilidhani atafurahi. Dukani pale mimi ndiye ninayejua kila boksi liko wapi. Kubaki kwangu mwaka mzima zaidi ni faida tupu kwake.

Hakufurahi. Akaweka chini kikombe cha chai.

"Hao wanataka ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Na wewe unayo ngapi?"

"Mia tatu na nne."

"Ukawaomba wapunguze, wakakataa?"

"Shangazi, kile ni chuo. Hawapunguzi."

"Uliwauliza?"

"Imeandikwa kabisa."

Akageukia boksi la zipu lenye karatasi ya bei aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. "Hata hii imeandikwa. Ulishaona nani akailipa?"

Khalfani, muuza mapazia wa duka la pili, mtu ambaye masikio yake yako kwetu muda wote, akachomekea: "Msomi mzima kaondoka dukani hajauliza bei ya mwisho."

Nikawapuuza. Nikaenda stoo kupanga mzigo, simu nikaiacha kaunta.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Shangazi anaagiza zipu Guangzhou miaka sasa, na Kichina hajui hata neno. Anaongea Kiswahili kwenye simu yangu, simu inatafsiri, Mchina anajibu, simu inatafsiri tena, mzigo unakuja. Namba yangu ya siri anaijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Na mle ndani kulikuwa na barua pepe niliyoanza kuwaandikia chuo, nikakosa ujasiri wa kuituma. Anwani ipo, ukurasa mweupe.

Sasa Jumatano ile, chini ya jibu la chuo, nikaikuta barua yake. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Rafiki yangu, habari za kazi. Ni mimi Candida, mwenye duka. Hiyo 310 yenu imekaa juu. Sisi tunayo 304, safi, haina kasoro. Mkipunguza sita tunamalizana leo. Mkimtunza vizuri huyu, mwaka kesho nawaletea mdogo wake."

Ilikuwa inaendelea. Sikuweza kumaliza. Nilitamani sakafu ipasuke niingie na ufagio wangu.

Nikarudi juu kwenye jibu lao.

"310 siyo kiwango cha chini. Ni wastani wa tuliowachukua mwaka jana. Kiwango cha chini hatuna. Mwambie Elieshi atume maombi kabla hatujafunga."

Nikasoma mara tatu.

Wastani. Yaani mimi ninayeomba kusoma takwimu nimeona wastani nikadhani ni mlango. Wapo walioingia na alama chini ya hiyo 310, na mimi nilikuwa nimeshajifungia nje mwenyewe.

Shangazi akaingia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniangalia usoni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hakuna bei."

"Basi peleka hiyo uliyonayo."

Nikaipeleka siku hiyo hiyo. Januari nikaachana nayo.

Machi wakajibu. Nimechukuliwa, na ada wanalipa wao. Nikasoma kwa sauti pale kaunta, Khalfani akapiga kigelegele kuliko wanawake wote wa mtaa. Shangazi peke yake akakunja uso.

"Wamekubali hivi hivi, bila kubishana?"

"Ndiyo, shangazi."

"Tumepigwa. Tungeanza na mia mbili na tisini."

Baadaye mchana, alipokwenda kula, nikaifungua tena ile barua yake. Safari hii nikafika mwisho.

"Punguzeni na nyie, maana hata mimi naingia hasara. Huyu ndiye mtu wangu bora, na nikimtoa sitapata mwingine kama yeye."

Nililia tena pale kaunta. Hakuna aliyenunua uzi.

Funzo langu ni dogo. Kabla hujakata tamaa kwa sababu ya namba uliyoiona mahali, muulize aliyeiandika alikuwa na maana gani. Mimi nilikuwa tayari kurudia mtihani mzima kuliko kuuliza swali moja, kwa aibu tu.

Naondoka Agosti. Shangazi anatafuta msichana wa kushika nafasi yangu. Amebandika tangazo mlangoni: awe mwaminifu, ajue hesabu, awe na heshima, akumbuke kila boksi liko wapi, asome kitabu huku anapima lastiki.

Jana Khalfani alisimama akalisoma lote, akamuuliza kama sifa hizo hazipungui.

"Hizo hazipungui," shangazi akasema, akaingia ndani.